Barua kwa Mwandishi wa Vikao

Morogoro

Mwanangu mpenzi,

Baba yako amenieleza kwamba kiwandani umepewa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, nawe unaona umeonewa kwa kuwa mdogo kuliko wote. Usiione hivyo. Mwezi ukipita, kila mjumbe hukumbuka kikao kwa namna inayomfaa. Kinachowarudisha pamoja ni ulichoandika wewe.

Omba ajenda mapema, soma kumbukumbu za kikao kilichopita, andaa orodha ya mahudhurio. Mkishaketi, hakikisha akidi imetimia kabla ya lolote, maana uamuzi uliopitishwa bila akidi hupingwa kirahisi.

Usikimbizane na kila neno. Shika hoja, sababu yake na uamuzi. Nani alipandisha sauti hakukuhusu. Ukiandika "Suala la gari lilijadiliwa kwa kina," hujaandika kitu. Andika hivi: "Kikao kiliazimia gari la kusambaza unga litengenezwe kabla ya tarehe 15 Machi. Mhusika: Afisa Usafirishaji." Hapo pana azimio, tarehe na mtu wa kuulizwa mtakapofika kwenye yatokanayo kikao kijacho. Mwenyekiti akivuka kwenda ajenda nyingine kabla uamuzi haujaeleweka, nyoosha mkono: "Samahani Mwenyekiti, niandike tumeazimia nini?" Huo si utovu wa adabu.

Rasimu iandike siku hiyohiyo, kisha wapelekee wajumbe waisome. Masahihisho yao yafanywe kikaoni, kumbukumbu zithibitishwe, mwenyekiti asaini. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inaitaka kampuni itunze kumbukumbu za mikutano yake mikuu na za wakurugenzi, na zikishasainiwa na mwenyekiti huwa ushahidi wa yaliyofanyika. Kwa hiyo mkubwa akikuita pembeni akuombe ufute azimio, kataa kwa heshima. Mwambie alirudishe kikaoni.

Ninasisitiza hili kwa sababu mwenye cheo ana njia nyingi za kudai chake. Kibarua aliyeahidiwa malipo ya saa za ziada hayumo kikaoni, wala hana pengine pa kuishikia ahadi hiyo isipokuwa kwenye karatasi yako. Iandike kwa uangalifu uleule unaoandikia maneno ya mkurugenzi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Akupendaye,
Shangazi yako