Likoni: Liko na Vibanda Vyake

Liko, au diko kwa kauli ya wengine, ni mahali vyombo vinapofikia na watu wakashuka. Jina la Likoni basi lajieleza lenyewe, na biashara ya mji huo imejengwa juu ya maana hiyo hiyo. Kinachoulisha mtaa si kiwanda wala ofisi bali ni miguu ya watu. Hesabu iliyozoeleka kutajwa na wenye feri ni ya watu zaidi ya 300,000 kwa siku, wanaovuka baina ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini. Anayengoja chombo hununua: viazi karai, mihogo ya kukaanga, mabuyu, kikombe cha kahawa, ndala badala ya zile zilizokatika ukanda njiani. Muuzaji wa kando ya njia ya feri hategemea njaa ya mteja peke yake. Hutegemea pia kungoja kwake. Kadiri foleni inavyorefuka ndivyo karai inavyokwisha.

Hapo ndipo penye kitendawili cha mji huu: faraja ya msafiri ni hasara ya mwenye kibanda. Mnamo Desemba 2020 lilifunguliwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, kutoka upande wa Likoni hadi Liwatoni. Kabla ya hapo, mwaka 2018, ilikuwa imefunguliwa sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu, na baadaye yakafuata madaraja ya Mwache na Mteza, hili la pili likiwa na urefu wa takribani kilomita 1.4. Gari litokalo Miritini kuelekea Kwale halina tena haja ya kukanyaga Likoni. Lakini nani angethubutu kuyapinga madaraja, ilhali wazee wangali wanaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa?

Changamwe nako yalitokea ya namna hiyo. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilisimama mwaka 2013. Reli mpya ilipozinduliwa mwaka 2017, na hasa serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba mizigo ipelekwe bara kwa reli, malori yalipungua. Na lori halipungui peke yake. Huondoka na mla wali wa mchana, mziba pancha, fundi wa breki na mwenye nyumba ya kulala wageni. Wenyeji waliandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo hilo lilitenguliwa mwaka 2022, lakini meza ya chakula iliyokwisha kufungwa haifunguki kwa tangazo.

Toronto, nchini Kanada, mtaa wa Bloor West Village ulipatwa na jambo lililokaribiana na hili. Reli ya chini ya ardhi iliwapitisha wateja chini ya maduka badala ya mbele yake. Mwaka 1970 wenye biashara wakakubaliana kujitoza ada. Baraza la jiji likaikusanya na kuwarudishia wao wenyewe, nao wakaitumia kwa taa, miti na matangazo. Mpango huo umeigwa katika nchi nyingi.

Je, ungefaa Likoni? Sehemu yake iliyo ngumu kwingineko, yaani kuchanga, hapa si ngumu hata kidogo. Upatu ni mkongwe kuliko benki zote za Mombasa. Wanawake wa sokoni huucheza kwa shilingi chache za kila siku, bila karatasi wala wakili, na anayekosa zamu yake huaibika kuliko aliyeshindwa kulipa mkopo wa serikali. Kinachokosekana ni mahali. Mwenye duka wa Toronto alijua kwamba taa aliyoichangia ingemmulikia yeye mwaka ujao. Mwenye kibanda wa Likoni hana yakini hiyo. Tingatinga likija alfajiri, leseni yake ya biashara haimkingi. Ardhi yenyewe ni donda la miaka mingi: mpaka leo ziko familia zinazomiliki nyumba bila kumiliki kiwanja iliposimama. Ilikuwa hadi Januari 2016 ndipo maskwota wa shamba la Waitiki, lenye ekari 930, walipoanza kupewa hati.

Na kuna jeraha jingine. Kwa mtu wa Mvita, Likoni ni bara. Lakini “mtu wa bara” ni yule aliyetoka mbali zaidi, na tofauti hiyo ndogo ya matumizi imewahi kugharimu roho. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zikaenea pwani ya kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wengine wapatao 100,000 wakayakimbia makwao, na vibanda vikachomwa. Ushirika wa wafanyabiashara unaojengwa hapo hauanzi na taa wala mitaro. Huanza na Mdigo na Mkamba kukubali kuiweka akiba yao katika kisanduku kimoja.

Sheria, kwa upande wake, haina upungufu mkubwa. Tangu mwaka 2001 mabaraza ya miji yalitakiwa kuandaa mipango yao pamoja na raia, na baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013 ushirikishwaji wa umma ukawa sharti la kisheria. Tatizo ni la saa. Kikao cha bajeti huitishwa asubuhi, ndani ya ukumbi, wakati karai liko motoni. Mama wa kibanda akiitwa na kijana wa mtaa, “Mama, twende ukaseme,” humjibu, “Mwanangu, na mihogo hii nimwachie nani?” Basi husema wasio na karai. Kaunti ingeweza kukiitisha kikao hicho hapo hapo likoni baada ya sala ya isha, pale feri za jioni zinapopungua watu na wauzaji wanapohesabu chenji, Waislamu kwa Wakristo, wa pwani kwa wa bara, kabla hawajafunika meza zao kwa turubai.