Nukta za Buluu

Miaka ya themanini, maabara ya patholojia niliyofanyia kazi ilikuwa na rangi mbili tu, hematoksilini na eosini. Kipande cha ngozi kilifika ndani ya kichupa cha fomalini, kikagandishwa kwenye nta, kikakatwa kwa mikrotomu, kikatiwa rangi. Viini vya seli viligeuka buluu, vingine vyote waridi. Kwa saratani nyingi hizo zilitosha. Zile za ndugu zetu wenye ualbino, waliounguzwa na jua tangu utotoni, tulizitambua bila kubishana.

Shida ilikuwa limfositi, seli za kinga ya mwili. Chini ya darubini zilikuwa nukta ndogo za buluu zinazofanana kama punje za ulezi: seli T, seli B, iliyokuja kupambana na maambukizi na iliyogeuka saratani.

Ndiyo maana mikosisi fungoidesi ilitupita mbele ya macho. Ni saratani ya seli T inayoanzia ngozini. Daktari Alibert aliieleza kule Paris tangu 1806. Vitabu vyetu vilionyesha mabaka mekundu juu ya ngozi nyeupe, ilhali kwenye ngozi nyeusi, hasa kwa watoto na vijana, inaweza kuanza kwa mabaka yaliyofifia. Basi mtu alitibiwa fangasi, kisha pumu ya ngozi, kisha ukoma.

Namkumbuka mama mmoja muuza vitumbua. Mabaka yake hayakuwa na ganzi kama ya ukoma. Ukimgusa kwa ncha ya pamba, anahisi. Hata hivyo alianzishiwa dawa za ukoma, na mojawapo, klofazimini, ikaitia weusi ngozi yake. Kila kipande tulichokipima kilitoa jibu lilelile: uvimbe sugu usio na sifa maalumu. Siku moja alinisimamisha koridoni. "Mwanangu, hiyo darubini yenu inaona nini?"

"Inaona seli nyingi, mama. Haituambii ni za aina gani."

Alifariki katikati ya miaka ya tisini, vivimbe vimeshapasuka, na wakati huo hakuna aliyehitaji darubini kujua.

Kinachoniuma ni tarehe. Wanasayansi Köhler na Milstein walitengeneza kingamwili za ukoo mmoja, zinazoweza kushika alama moja tu ya seli, huko Cambridge mwaka 1975. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris wakaanza kuzipa alama za seli namba za pamoja, hizi tunazoziita CD. Kwa muda mrefu kingamwili nyingi zilishika tu kwenye nyama iliyogandishwa kwa baridi, kwa sababu fomalini hufunga protini. Lakini mwaka 1991 mtafiti Shi na wenzake walionyesha kwamba slaidi ya nta ikipashwa moto ndani ya kimiminika kwenye maikrowevu, alama nyingi hufunguka. Vipande vya nta vya mama yule vilikuwa kabatini kwetu, naye alikuwa hai.

Leo kijana wa maabara anadondosha kingamwili juu ya slaidi, anaosha, anaongeza kimeng'enya, na rangi ya kahawia inatokea pale tu alama ilipo. CD3 inasema hizi ni seli T. CD20 inaonyesha seli B ni ngapi. CD4 ikijaa, CD8 ikiwa haba na CD7 ikitoweka, shaka ya mikosisi inazidi. Kwenye mabaka yaliyofifia mambo mara nyingi hugeuka, CD8 ndiyo inayojaa. Rangi peke yake haihukumu, maana hata uvimbe wa kawaida unaweza kupoteza CD7. Daktari bado anapaswa kuandika mabaka yapo wapi na yana muda gani. CD30 nayo ina uzito wake: tangu 2017 Marekani imeidhinisha brentuximab vedotin kwa wagonjwa wa mikosisi wenye alama hiyo ambao tayari wameshatibiwa.

Ila vichupa vya kingamwili huagizwa nje, hutaka baridi njia nzima, na huisha muda. Mara nyingi kipande husafirishwa hadi mji mkubwa, na familia hulipia alama mojamoja. Juzi nimeona fomu ya msichana wa sekondari, mwenye mabaka yaleyale yaliyofifia. Daktari aliandika alama sita. Fedha zilipopungua nne zilipigwa mstari, na ya kwanza kupigwa ilikuwa CD8.