Nani Aliomba Zipangwe?

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, watu wa kwetu walidhani kompyuta nayo imeniacha. Wapi. Mchana naandika makala, usiku nikiitwa narekebisha mifumo ya biashara ndogo. Mwaka huu niliitwa Kamakis, kwa mama mmoja mwenye joint ya mbuzi choma kando ya Eastern Bypass.

Shida ilikuwa ripoti ya kufunga kazi: kila weita ameingiza pesa ngapi. Weita wote wakiifungua pamoja saa sita usiku, mashine inaganda, na hakuna anayeenda nyumbani kabla hesabu itoke. Fundi wa kwanza alishauri seva kubwa. Pesa ya seva ilikuwa ile ya mishahara.

"Kijana wangu, hii mashine imechoka kweli?"

"Hapana, Mum. Inafanyishwa kazi ya bure."

Hifadhidata yake ni PostgreSQL. Ukiweka EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali, inakuonyesha kila hatua na muda wake. Nikaona: kabla ya kujumlisha, ilikuwa inapanga malipo yote ya miaka minne kwa jina la mteja, kisha tarehe. ORDER BY ilikuwa imejificha ndani ya swali dogo. Sasa, jumla inahitaji mpangilio wa nini? Elfu mbili na mia tano ni ile ile, uanze na noti gani.

Kupanga kunaumiza kuliko kusoma tu. Kwa kawaida PostgreSQL hupewa MB 4 za kumbukumbu kwa kila upangaji. Zikijaa, inaandika vipande kwenye diski na kuviunganisha tena. Zidisha hiyo kwa weita kumi na wawili. (UNION nayo ina tabia hii: inatafuta marudio hata pale hayawezi kuwepo. UNION ALL haijisumbui.)

Nilifuta ule mstari. Ripoti ikatoka kabla sijainua kikombe.

Lakini kuna skrini moja ya kaunta inayohitaji mpangilio: malipo ishirini ya mwisho, ya kumshika mteja anayesema "nishatuma." Hapo nilitengeneza faharasa ya muda. Faharasa ya kawaida, B-tree, tayari imekaa kwa mpangilio, kwa hiyo mashine inaanzia mwisho, inachukua ishirini, inaacha. Hakuna kupanga.

Mama hakunisifu. Aliuliza kama stoo nayo inaweza kuangaliwa, na akaagiza niwekewe nusu kilo.