Taka Zina Mwenyewe

Hapa London ninapoishi, mwenye duka haruhusiwi kumkabidhi taka zake yeyote anayepita na gari. Sheria ya Kulinda Mazingira ya mwaka 1990 inamtaka ahakikishe mchukuzi ameidhinishwa, kisha waandikiane hati: ni taka gani, kiasi gani, nani katoa, nani kapokea. Hati hiyo huitunza kwa miaka 2. Mzigo ukikutwa umetupwa kando ya barabara, halmashauri huuzoa, lakini kabla ya hapo maofisa huupekua wakitafuta bahasha, risiti au lebo yenye anwani. Aliyetupa anasakwa, na aliyemkabidhi anatakiwa aeleze alimpa nani.

Sisemi kwamba Waingereza wamemaliza tatizo. England peke yake huandikisha zaidi ya matukio milioni 1 ya utupaji haramu kwa mwaka. Ninachokithamini ni kwamba taka zikishatoka mlangoni, mwenye nazo bado ana la kujibu.

Nikija nyumbani, Kariakoo, Dar es Salaam, naona uzi huo wa uwajibikaji umekatika. Jioni maboksi, nailoni na maganda hurundikana nje ya maduka na vibanda. Mwenye mali anampa kijana wa guta au mkokoteni fedha kidogo, biashara imeisha. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, pembezoni mwa jiji, guta halifiki. Bonde la Jangwani liko jirani. Kinachotupwa humo huingia Mto Msimbazi, kikaziba njia ya maji, na masika yakija wanaofurikiwa ni wakazi wa bondeni. Mgambo akimkamata kijana, aliyemtuma hata jina haulizwi. Jiji likizoa leo, keshokutwa jalala limerudi palepale.

Si kwamba hatuna pa kuanzia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa moshi na harufu ya dampo, nayo mahakama ikaamuru utupaji ukome. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004. Na mfanyabiashara wa Kariakoo ameshazoea mashine ya risiti ya EFD: kila bidhaa inayouzwa inatakiwa iache karatasi.

Basi taka nazo ziwe na risiti. Kila guta liandikishwe serikali ya mtaa na lipewe namba. Pawepo vituo vya karibu vya kushushia mzigo, malori yaupeleke Pugu. Kijana ashushe, agongewe muhuri, amrudishie mwenye duka karatasi yake. Asiye na karatasi ndiye alipe faini, hata awe na duka kubwa kiasi gani. Vijana hawa wanafanya kazi ambayo mji hauwezi kuishi bila hiyo. Wapewe vitambulisho na ujira wa haki, wasifanywe wahalifu kwa niaba ya wengine.

Wenyeviti wa mitaa wanawajua wenye maduka mlango kwa mlango. Waanze na mtaa mmoja, sasa, kabla ya masika.