Mashapo ya Kuazima

Mtungi wa pombe nyumbani kwetu Kishapu haukusuguliwa ndani. Pombe ikiisha, mama alikomba mashapo mazito ya chini, akayatia kwenye kibuyu na kuziba mdomo kwa gunzi. Siku ya kupika tena alikoroga uji wa mtama, akauacha upoe hadi mkono uvumilie, akatia unga wa kimea cha ulezi, kisha kata moja ya mashapo yale. Kulipokucha povu lilikuwa limeshapanda.

Mashapo yakiharibika, au ukame ukipita msimu mzima bila mtama wa kupikia, mama alichukua kibuyu kitupu akaenda kwa jirani. Jirani huyo naye alikwisha kuchukua kwetu mara nyingi. Chachu yetu ilikuwa salama kwa sababu hiyo: ikifa kwenye nyumba moja, ilikuwa hai kwenye nyingine. Viwanda vya bia vilipita njia tofauti. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alikuza hamira kutoka chembe moja tu, na tangu hapo wenye viwanda wengi hutunza aina safi. Mashapo ya mama yalikuwa mchanganyiko wa hamira na bakteria kama wale wanaogandisha mtindi, na ukali wao ulizuia vijidudu vingi vya kuozesha.

Miaka ya 1990 nilikwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Wapika pombe wengi pale walikuwa wanawake waliotoka mbali, wamepanga vyumba, na rashi ya dhahabu ikisikika kwingine kambi nzima inahama. Utamwazima nani mashapo, na kesho hamjui mtakuwa wapi? Mchimbaji akitoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anataka pombe iliyo tayari. Hamira kavu ya maandazi iliwafaa sana: haiozi njiani, haimwagiki, na ukiitia kwenye maji ya sukari unapata wanzuki upesi. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wanasomesha watoto.

Kilichoniuma nilikiona niliporudi Kishapu. Pakiti za hamira ile kavu zilikuwa zimefika na huko, na nyumba moja baada ya nyingine iliacha kuweka mashapo. Mama alipopoteza yake, alizunguka mji kwa mji asipate wa kumgawia. Pombe aliyopika kwa hamira ya dukani ililevya vizuri, lakini ule ukali wa mtama uliochacha taratibu haukuwamo.

Wakulima wa Norway nao walikaribia kuipoteza chachu yao, kveik, waliyozoea kuikausha juu ya vitambaa na pete za mbao. Familia chache ziliendelea kuitunza, na leo wapika bia wa nchi nyingi wanaitumia. Nasi tunaweza. Wako akina mama vijijini ambao bado wana vibuyu vyao. Nimeanza kuwaomba kidogo kidogo, naanika kivulini juu ya kitambaa, kisha nawagawia jirani zao walioacha.