Matembezi ya kikundi: tuanze na majina, mahali patafuata



Mwezi wa saba unakaribia. Mvua imekwisha, shule zinafunga, na vikundi vyetu vingi hapa Kolwezi vimeanza kuhesabu pesa za matembezi. Kila mkutano una swali lile lile: mwaka huu tuende wapi? Mmoja anataja Lubumbashi, mwingine anataja maporomoko ya maji aliyoona katika simu, na kelele inaanza. Nataka kuwaeleza namna kikundi chetu kilivyochagua mwaka jana, maana jambo hili linaonekana dogo lakini linaweza kuvunja ushirika wa wamama waliosaidiana miaka mingi.

Kikundi chetu kina wamama 27. Kila Jumamosi tunatoa likelemba, na pembeni tunaweka franga kidogo katika sanduku la matembezi. Kila mmoja anatoa sawa na mwenzake. Siku tulipoanza kujadili safari, kambo mmoja mwenye miaka zaidi ya 60, ambaye magoti yake yanamsumbua, alisema kwa upole: “Ninyi mwende, wanangu. Mimi nitabaki kulinda watoto.” Wengi wetu tulimshukuru. Lakini Mama Mhasibu alifungua daftari lake akasoma: kambo huyo ametoa pesa za sanduku kila Jumamosi kwa miaka minne, wala hajawahi kupanda basi la matembezi hata mara moja. Maana yake ni kwamba amekuwa akitulipia sisi wenye miguu mizuri.

Chumba kilinyamaza. Kisha mama mwingine, ambaye mtoto wake wa miaka tisa hatembei, akasema yeye pia alikuwa amekwisha kuamua kubaki, ila hakutaka kutusumbua kwa kusema.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kabla ya kutayarisha somo, lazima umjue mwanafunzi. Darasani mwangu wako wanaosoma haraka kama maji, na wako wanaoshika herufi moja kwa wiki. Siwezi kumfukuza wa pili ili wa kwanza aendelee, wala siwezi kumfunga wa kwanza kwa kamba ya mwenzake. Somo ni moja, mazoezi ni mbalimbali. Basi niliomba kikundi tuache kwanza majina ya mahali, tuandike majina yetu.

Nilichora mistari katika daftari la shule. Kwa kila mama tuliandika: anaweza kutembea kwa muda gani bila kupumzika? Anaweza kukaa katika gari saa ngapi? Anakuja na mtoto? Ana dawa ya kumeza kwa saa maalum? Anajua kuogelea? Tulimaliza kwa nusu saa, na daftari lilitufundisha mambo ambayo miaka ya kukaa pamoja haikutufundisha. Wanne walikuwa na zaidi ya miaka 60. Wawili walikuwa na mimba. Mmoja anatembea kwa gongo. Watatu hutapika katika gari. Wanaojua kuogelea walikuwa wawili tu, ingawa karibu wote walikuwa wakisema wanataka maji. Na wako dada saba, vijana, wenye nguvu za kupanda mlima na kurudi kabla bukari haijaiva.

Ndipo tukaweka mahali patatu mezani.

Pa kwanza palikuwa maporomoko ya Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu. Ni uzuri mkubwa wa nchi yetu: maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Lakini kutoka Kolwezi ni lazima ufike kwanza Lubumbashi, kisha uendelee mbali kwenye njia ya udongo. Wakati wa mvua njia hiyo inaharibika, na wakati wa kiangazi, tunapopata likizo, maji yenyewe yanapungua. Kwa daftari letu, nusu ya wamama wangeishia kukaa katika gari.

Pa pili palikuwa Lubumbashi. Kuna bustani ya wanyama, na kuna Makumbusho ya Taifa ambayo ningependa kila mtoto wa Lualaba ayaone. Ardhi ni tambarare na viti viko. Lakini ni kama kilometa 300 kwenda, kupitia Fungurume na Likasi, nyuma ya malori ya madini, na kilometa hizo hizo kurudi. Huwezi kufanya hivyo kwa siku moja na watoto wadogo na wamama wenye mimba. Ukilala huko, bei inapanda mara mbili, na waume wengine wanakataa.

Pa tatu palikuwa karibu hata tulikuwa tunapadharau: ziwa Nzilo. Wote tunalijua jina hilo kwa sababu ya umeme. Baraji ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Union Minière, ili kuzuia maji ya Lualaba na kutoa umeme wa migodi. Ziwa likatokea nyuma yake. Dada mmoja kijana alicheka: “Nzilo? Huko wanakwenda wanunuzi wa samaki. Mimi nimetoa pesa zangu nione kitu.”

Neno lake halikuwa bure. Mara nyingi tunapomhurumia mdhaifu, tunamnyima mwenye nguvu, halafu mwaka unaofuata mwenye nguvu anaacha kutoa pesa. Kikundi kinakufa upande wa pili. Nilikaa na swali hilo siku mbili, na jibu lilinijia kutoka mbali.

Nina binamu anayeishi Ubelgiji. Shule ya watoto wake huwapeleka wanafunzi milimani wakati wa baridi, kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Tusishangae theluji, hata Congo yetu inayo, juu ya Ruwenzori kule Kivu ya Kaskazini, ila huku Katanga tunaiona katika televisheni tu. Nilimwuliza: mnachaguaje mlima, wakati watoto wengine ni hodari na wengine wanaanguka kila hatua? Akaniambia kwamba huko njia za kuteremka zina rangi. Kijani ni rahisi kabisa, kisha bluu, kisha nyekundu, na nyeusi ni ya mabingwa. Mwalimu mwenye akili hatafuti mlima wenye sifa kubwa. Anatafuta mlima wenye rangi zote, ambao njia zake zinakutana chini mahali pamoja, na hapo chini pawepo nyumba yenye joto kwa yule asiyeteleza kabisa. Kila mtoto anapita njia yake, na saa sita wote wanakula meza moja.

Niliporudi na habari hiyo mkutanoni, yule dada aliyecheka ndiye aliyesema: “Basi Nzilo ina rangi gani?”

Mama Mwenyekiti alituma wawili wetu waende kuangalia wiki mbili kabla. Hilo ni jambo ninalowaomba msiliruke. Picha ya simu haikuonyeshi kama choo kiko, kama kivuli kiko, wala kama gari linafika karibu. Tulimsalimia chifu wa kijiji cha wavuvi, tukaomba ruhusa, tukaelewana juu ya sehemu ya kukaa. Baraji yenyewe ni mahali pa kazi, haiingiwi hivi hivi, kwa hiyo tuliiacha. Tuliwauliza wavuvi juu ya maji, maana mvuvi anajua kuliko karatasi. Walituonyesha upande wenye majani mengi na maji yaliyosimama, wakasema watoto wasiingie. Walimu tunajua sababu: konokono wa kichocho wanapenda maji ya namna hiyo. Na kwa kuwa mito mingine ya huku kwetu inapokea maji ya viwanda vya madini, tuliamua bila mabishano kwamba hakuna atakayeoga, na maji ya kunywa tungeyabeba kutoka nyumbani katika bidoni. Maji yangekuwa ya kutazama na ya kupandia mtumbwi pembeni, pamoja na mvuvi.

Tukapanga rangi zetu. Kijani ilikuwa chini ya miti, hatua chache kutoka basi: mikeka, viti vinne vya wakubwa, mbabula na masufuria. Bluu ilikuwa kutembea taratibu ufukoni pamoja na watoto mpaka mahali pa kukausha samaki. Nyeusi ilikuwa kilima nyuma ya kijiji, kwa wale dada saba na yeyote aliyetaka kuwafuata. Sheria ilikuwa moja tu: saa saba kamili, wote kwenye mikeka.

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi ili turudi kabla ya giza na kabla malori hayajajaa njiani. Wanaotapika walikaa mbele. Mtoto asiyetembea alikaa karibu na dirisha, na zamu ya kumbeba iliandikwa kwa majina, wawili wawili, ili mama yake asiombe. Nasisitiza hilo. Mama wa mtoto kama huyo amechoka kuomba kuliko kubeba.

Siku haikuwa kamilifu. Vumbi lilituingia machoni, chumvi ilisahauliwa ikabidi tuombe kijijini, na mama mmoja mwenye mimba alibaki nyumbani kwa sababu mganga wa kituo cha afya alimkataza. Sehemu yake ya pesa tulimrudishia yote, na samaki wawili juu yake. Wale wa kilimani walirudi na majani kichwani na kiburi kikubwa. Walikuwa wameona ziwa lote na visiwa vyake. Kambo hakufanya kazi kubwa. Alikaa kwenye kiti, akala, akasinzia, akaamka akatazama mitumbwi. Njiani alimwambia Mama Mhasibu: “Sasa daftari lako limenyooka.”

Kama kikundi chenu kinataka kusafiri mwaka huu, anzeni na mistari ile katika daftari. Kisha ulizeni kila mahali maswali haya: gari linafika umbali gani kutoka kivulini? Kuna choo? Kuna kazi ya nguvu kwa wenye nguvu, na pumziko la heshima kwa waliochoka? Njia zote zinakutana wapi kwa chakula? Kituo cha afya kiko mbali kiasi gani? Na asiyeweza kwenda, pesa yake inarudije?

Sisi tumekwisha kuandika majina ya mwaka huu. Tumefika 31, na wanne wapya wanasema wanataka Lubumbashi. Daftari liko wazi mezani, tunahesabu bei ya kulala.