Nyoka, Wavu na Ufunguo wa Dada

Haya wadau, leo siasa zipumzike. Leo nazungumzia nyumba ya nyoka. Ndiyo, nyoka, na ndiyo, yumo ndani ya nyumba ninayoishi hapa Leicester. Anaitwa Kamba, kwa sababu bibi yangu kule Tanga hakutaka nyoka atajwe usiku. Alisema "kamba" tu, na sisi watoto tukaelewa. Niliachiwa na mwanafunzi mwenzangu aliyehamia nchi nyingine. Ni aina ambayo Wamarekani humwita nyoka wa mahindi: hana sumu, ana rangi ya machungwa, urefu karibu mita moja na robo, na akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 15 hata 20. Si mgeni wa wikiendi huyo.

Kabla hujaniuliza habari za sheria: hapa Uingereza nyoka wa aina hii hahitaji leseni. Wale wa sumu kali ndio wanaohitaji, chini ya sheria ya wanyama hatari ya mwaka 1976. Kwetu mambo ni mengine. Tanzania na Kenya mnyamapori hafugwi bila kibali, kwa hiyo usije ukasoma haya halafu ukaenda kuokota nyoka shambani.

Sasa, nyumba hii tunakaa watatu. Mmoja ni dada wa Mombasa, muuguzi wa zamu za usiku, analala mchana. Bila mchango wake kodi haitimii, hilo tunalijua sote. Alipomwona Kamba ndani ya boksi la plastiki alilokuja nalo, aliniambia kwa ule upole unaotisha: "Mdogo wangu, mimi sina neno na wewe. Ila huyo akitoka, nami natoka."

Basi nikaenda dukani kutafuta kizimba. Muuzaji, kijana mchangamfu, akanionyesha kizimba cha wavu mtupu, kirefu kwenda juu, chepesi, mlango wa zipu, bei poa. Kwa macho kilipendeza kweli. Hewa inapita, unamwona mnyama pande zote, na unakibeba kwa mkono mmoja. Nilikikataa, na sababu zangu ndizo ninazotaka kuwapa.

Kwanza, kizimba cha namna ile kinamfaa kinyonga. Kinyonga wa milima ya Usambara, jirani zangu wa utotoni, anataka hewa inayotembea, ubaridi kiasi, na matawi ya kupanda. (Kwa taarifa yako, mwaka 2006 wanasayansi walilipa kundi zima la vinyonga jina la Kinyongia, Kiswahili kabisa.) Nyoka wa mahindi anataka kitu kingine: upande mmoja wa nyumba yake uwe na joto la nyuzi 30 hivi, upande wa pili uwe chini ya nyuzi 25, achague mwenyewe. Mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Akikaa kwenye baridi, chakula hakisagiki tumboni na anaweza kukitapika. Fikiria sasa chumba cha Leicester mwezi wa Januari, gesi tumeizima mchana kwa kubana matumizi, halafu uwashe taa ya joto ndani ya wavu. Ni sawa na kuchemsha chai kwenye tenga. Ningekuwa Dar es Salaam, na kibali mkononi, ningesema kinyume chake: sanduku la kioo kwenye joto la Februari ni tanuri, wavu ndiyo akili.

Pili, pua. Nyoka hana mikono, kila mlango anaujaribu kwa pua. Anasukuma kona, anarudi, anasukuma tena, usiku kucha kama ana njaa. Zipu isiyo na kifungo inaachia kidogo kidogo mpaka kichwa kinapita, na kichwa kikipita mwili hausumbui. Na wavu wa waya mkavu, wenye ncha, unamchuna pua mpaka kidonda. Ule laini wa nailoni haumchuni, lakini unatoboka. Kwa kinda ni kazi zaidi, maana anatoka kwenye yai akiwa mwembamba kama penseli; matundu yasizidi nusu sentimita.

Wapo watakaosema akitoka si atakuwa nyuma ya kabati tu? Waulize watu wa Gran Canaria, kile kisiwa cha Hispania upande wa Morocco. Nyoka wafugwao wa kutoka California walionekana porini pale mwaka 1998, na wametafuna mijusi wa kisiwa, ambao hawapatikani kwingine kwa asili, mpaka mahali walipoenea mijusi karibu wamekwisha. Chanzo ni vizimba vya watu kama mimi.

Kuhusu nafasi, zamani walikuwa wanasema nyoka anapenda kubanwa, kijumba kidogo kinamtosha. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha utafiti wa nyoka waliofugwa. Katika saa moja tu ya kuwatazama, zaidi ya theluthi walijinyoosha wakawa karibu mstari mnyoofu. Kwa hiyo nikachukua kipimo kutoka kwa Kamba mwenyewe. Nilinunua sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 130, upana 60, kimo 60, vioo viwili vya kuteleza mbele. Wavu nimeuweka pale unapohitajika tu: madirisha mawili ya hewa, moja chini upande wa baridi, moja juu upande wa joto, wavu wa chuma kisichoshika kutu, umebanwa kwa fremu na skrubu. Taa nayo ina kikapu chake cha waya asije akaizunguka akaungua, na kidhibiti joto kinaizima chenyewe.

Tundu la kupitishia waya wa umeme ndilo lililonichukua siku mbili, maana kila nilipoziba nilijiona bado naacha upenyo. Wengi hulisahau kwa sababu liko nyuma.

Kwenye vioo nimefunga kufuli ndogo, zile za makabati ya sonara. Ilikuja na funguo mbili, moja nikampa dada. Aliigeuza mkononi, akaenda kulijaribu sanduku mwenyewe, akasukuma kila kona kwa kidole kama anampima mgonjwa. Akasema sawa. Tangu hapo, kabla ya kwenda zamu, anapitia kuchungulia, na juzi nilimsikia akimsalimia.

Suala la panya wa chakula kukaa kwenye friza moja na samaki wake, hilo bado tunajadiliana.